Video ya harusi inaganda palepale kila mara, mama akaamini namficha kitu

Wakuu, habari za mchana.

Leo nawaletea jambo lililonikuta mwenyewe. Si chai, wala sijaongeza chumvi. Asiyetaka kuamini asome tu ile sehemu ya laptop, itamsaidia.

Naishi Nachingwea mjini. Mama yangu yuko Nkowe, kule Ruangwa, na mikorosho yake. Yeye na mzee walishaachana zamani, mzee akahamia Morogoro na mke mwingine. Mdogo wangu Selemani anaishi huko huko kwa mzee, na ndiko alikooa.

Siku ya harusi mama goti lilikuwa limevimba, hata chooni anakwenda kwa kushikwa. Nikabaki kumuuguza. Kwa hiyo wote wawili harusi hatukuiona.

Baadaye Selemani akatuma video kwenye flash. Nikabeba laptop yangu mpaka Nkowe. Ni mtumba wa siku nyingi, herufi za keyboard zimefutika na feni inalia kama mashine ya kusaga. Simu yangu ndiyo kabisa, ilikataa kufungua lile file.

Nikachomeka kwenye umeme, mama akakaa mkekani, tukaanza.

Sauti safi. Picha inaruka, inasimama, inaruka tena. Tukavumilia hivyo hivyo hadi tukafika ukumbini. Taa zinamulika rangi zote, watu wanacheza, MC anasema, "Mama wa bwana harusi asimame tumuone."

Hapo picha ikaganda. Kioo kikajaa viboksi vya kijani. Sauti inaendelea, vigelegele vinapigwa.

Mama akaniuliza taratibu, "Nani kasimama?"

Nikasema sijui. Nikarudisha nyuma, ikaganda palepale. Nikarudisha tena, palepale.

"Unaibonyeza wewe," akasema.

"Hapana mama, laptop imechoka."

"Imechoka hapo tu?"

Mama akajifunga khanga akaingia ndani. Wakati naondoka aliniambia kitu kimoja tu: "Nyie watoto wangu mmeanza kunificha mambo."

Njiani, juu ya bodaboda, na mimi nikaanza kushuku. Kwa nini palepale? Labda mpiga video kaambiwa aharibu kipande. Nikampigia Selemani, nikamweleza inavyoganda.

Badala ya kushangaa, akasema, "Kaka, kwani lazima aione yote? Muonyeshe pale msikitini tu, inatosha."

Nikamuuliza, "Kuna nini hapo ukumbini?"

"Hamna kitu." Akasema salio linaisha. Wakati mimi ndiye niliyepiga.

Basi nikarudi Nachingwea nimeamua kuifungua hiyo video kwa namna yoyote.

Kwanza nikaacha kuicheza moja kwa moja kwenye flash, nikai-copy kwenye laptop. Mruko ukapungua kidogo, ila kuganda kukabaki.

Nikajaribu player nyingine. Hali ile ile.

Nikazima hardware acceleration kwenye settings, ile ya kuipa kadi ya picha kazi ya kucheza video. Viboksi vya kijani vikaondoka, lakini picha ikabaki imekwama kama fremu ya ukutani.

Nikafungua Task Manager huku video inacheza, nione mashine inabeba mzigo gani. CPU iko mia kwa mia. Kuangalia details za file, kumbe ni 4K, picha kubwa mno, na codec yake, yaani namna video ilivyobanwa, ni HEVC. Mashine yangu ni ya enzi za nyuma, hiyo codec haiiwezi. Na pale ukumbini, zile taa na watu wanaocheza ndiyo mzigo mzito kuliko kote. Ndiyo maana ilikuwa inafia pale.

Kwa hiyo hakuna aliyeharibu kitu. Nikapuliza vumbi kwenye feni, nikai-convert kuwa 720p ya H.264, yaani picha ndogo kwa codec ya zamani. Ilichukua tangu asubuhi hadi alasiri, laptop inachemka unaweza kukaangia yai.

Ikacheza kama maji.

Na nikaona aliyesimama. Ni mke wa mzee. Amevaa sare ya familia, anapunga mkono, MC anamwita mama.

Hapo nikamuelewa Selemani. Wakuu, program niliyokuwa nayo inakata kipande kirahisi tu. Niliweka mkono kwenye mouse, nikaondoa, nikaweka tena. Mama asingejua. Lakini alikuwa ameshaniuliza nani kasimama, na alisikia vile vigelegele.

Nikarudi Nkowe na video nzima.

Ilipofika pale sikumtazama. Nilitazama kioo. Yule mama akasimama, akapunga, akakaa.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha. Akaangalia tena, amesogeza uso karibu.

"Na yeye kazeeka," akasema. Halafu, "Mpigie mdogo wako."

Nikapiga, nikaweka loudspeaker. Mama akasema, "Selemani, nimeona. Kiti kisingekaa kitupu mbele ya wakwe. Ulichokosea ni kuniacha niwaze. Nimewaza mabaya kuliko hayo."

Tulisikia Selemani anavuta kamasi tu.

"Mlete mkwe wangu nimuone kwa macho," mama akasema, akanirudishia simu, akaenda kuanua korosho zake.

Nilichojifunza: video ikikwama kwenye mashine ya zamani, angalia codec na resolution kabla hujamshuku mtu. Na mtu akikuuliza jambo la kwake, mpe jibu lake.

Wenye laptop kongwe semeni mnatumia nini kucheza HEVC. Na mngekuwa mimi, kile kipande mngekikata?