Swali la Tisa Lililonipeleka Yamumbi Mara Mbili

Sababu ya safari yangu ilikuwa karatasi ya mtihani. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya kutwa huku kwetu Voi. Muhula mmoja, nikisahihisha kazi za Kidato cha Nne, nilikuta mwanafunzi amejibu swali la mageuko vizuri kuliko kitabu chenyewe. Alieleza jinsi viumbe wa aina moja wanavyotofautiana, jinsi wanaofaa mazingira yao wanavyobaki na kuzaa, na jinsi vizazi vinavyobadilika polepole kwa njia hiyo. Nikampa alama zote. Kisha chini kabisa ya karatasi, kwa maandishi madogo, nikasoma: "Mungu anisamehe kwa kuandika haya."

Nilicheka peke yangu katika chumba cha walimu. Halafu nikaacha kucheka, maana sikujua nimwambie nini.

Wakati huo nilikuwa nimejiandikisha kwa shahada ya uzamili na sina mada. Basi nikaipata: walimu na wanafunzi wanayaelewaje mageuko, na je, wanayakubali? Msimamizi wangu wa utafiti alinishauri nikafanyie kazi mbali na nyumbani, mahali ambapo hakuna mtoto anayeniogopa. Tukachagua Eldoret, mji ambao darasa moja linaweza kuwa na mtoto wa mwenyeji, wa aliyetoka magharibi na wa aliyetoka Mlima Kenya. Nikaandika hojaji ya maswali ishirini, tena kwa Kiswahili, ili watoto waseme yao wenyewe na si yale waliyonakili kwa Kiingereza kwenye madaftari. Nilijivunia sana hojaji ile.

Jumapili mchana, stesheni ya Voi. Mume wangu alinisindikiza akiwa amebeba boksi la hojaji begani kama mtu anayepeleka mahari. "Wakesho," akaniambia, "ukifika huko usibishane na wachungaji." Nikamwahidi. Treni ikaja kwa wakati, na jioni nikawa Nairobi kwa binamu yangu, ambaye alinilazimisha kuchukua koti lake zito. Nililikataa mara mbili. Mara ya tatu nikalichukua, na namshukuru mpaka leo.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, niliondoka Nairobi kwa gari la abiria. Sisi watu wa Voi tumezoea nchi nyekundu, kavu, yenye miba. Baada ya Nakuru barabara ikaanza kupanda, na kila ilipopanda nchi ikazidi kuwa ya kijani, mpaka nikajihisi kama mtu aliyeingia nyumba ya tajiri bila kuvua viatu. Kule Timboroa tulisimama. Wanawake walikuja dirishani na mafungu ya karoti zenye udongo mbichi. Nikafungua kioo kununua, na baridi iliyoingia ikanifanya nifunge vifungo vyote vya koti. Abiria wa nyuma yangu akacheka: "Huyu ametoka chini!" Nikakiri. Toka hapo hadi Burnt Forest alinitajia majina ya viazi, na mimi nikamtajia majina ya tembo wanaoingia mashambani kwetu. Aliona mimi ndiye mwenye matatizo.

Saa tisa alasiri nilishuka Eldoret mvua ikianza, nikachukua bodaboda hadi mtaa wa Kapsoya, boksi langu limefunikwa kwa karatasi ya nailoni. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Nekesa, mamake rafiki yangu wa chuo, mzaliwa wa Bungoma ambaye ameshona sare za shule mjini humo kwa miaka mingi. Alinipokea kwa ugali wa wimbi, kuku na mboga ya mrenda, na hakuniuliza neno hadi sahani ilipokuwa tupu.

"Sasa mwanangu, hii utafiti yako ni ya nini?"

Nikamweleza. Uso wake ukabadilika.

"Kwa hivyo umetoka huko kote kuja kuuliza watoto wa watu kama babu yao ni nyani?"

"Hapana, Mama. Sayansi haisemi nyani ni babu. Inasema yeye na sisi tuna ukoo mmoja wa zamani sana. Ni kama binamu wa mbali."

Alifikiri kidogo, akimimina chai. "Binamu," akasema. "Sawa. Lakini kwa harusi yangu hakualikwa." Akacheka mpaka akaweka birika chini. Hapo nikajua nitakaa vizuri.

Jumanne asubuhi nilianza na shule moja ya mjini. Nilikuwa na barua ya kibali, mwalimu mkuu akanipa darasa, na kwa muda wa kipindi kimoja wanafunzi wote walijaza. Alasiri nilikaa kwenye meza ya cherehani ya Mama Nekesa nikizipitia. Moyo ulinidunda kwa furaha. Maswali ya kuelewa waliyapata karibu yote. Lakini swali la tisa, lililouliza "Je, unaamini mageuko?", lilijibiwa "Hapana" karatasi baada ya karatasi. Mmoja alipigia mstari mara tatu. Mwingine aliandika, "Mimi nimeokoka." Nikasema, haya ndiyo niliyoyafuata: wanaelewa, lakini hawakubali. Kichwani nilikwisha kuandika sura nzima.

Jumatano nilikwenda Yamumbi, pembeni mwa mji, ambako nyumba mpya zinaota katikati ya mashamba ya mahindi. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Mwalimu wa Biolojia wa shule niliyoendea aliitwa Njoroge, mtu mnene, mpole, mwenye sweta la kufumwa. Alikuwa pia mzee wa kanisa, jambo aliloniambia kabla sijakaa. Alisoma hojaji yangu polepole, akilamba kidole kila alipofungua ukurasa. Akafika swali la tisa. Akaiweka mezani.

"Madam, hii siwezi kupatia watoto wangu."

Nikafikiri, ndiyo haya mume wangu aliyonionya. "Kwa sababu ya dini, Mwalimu?"

"Hapana. Kwa sababu ya Kiswahili." Akaweka kidole juu ya neno. "Hii 'unaamini' umeitoa wapi? Kuamini ni neno ya kanisa. Mimi nikiulizwa kama naamini, nasimama wima na kusema namwamini Mungu Baba. Sasa mtoto akiona 'unaamini mageuko', anajua ameambiwa achague: huku ama kule. Atachagua mamake na kanisa yao. Hata mimi ningejibu hapana, na nimefundisha hiyo kitu miaka kumi na moja."

"Lakini wewe unayakubali?"

"Hiyo sasa ni swali tofauti," akasema. "Na hukuniuliza."

Nilitazama nje, wanafunzi wakicheza voliboli, nikahisi masikio yananiwaka. Nilikuwa nimewauliza watoto wa mjini swali la imani, kisha nikaliita jibu la sayansi. Sura yangu nzuri ilikuwa imejengwa juu ya neno langu mwenyewe.

Nilitoka nje nikampigia simu msimamizi wangu. Nilipomweleza, aliuliza, "Umebaki na siku ngapi?"

"Mbili za shule. Kesho na kesho kutwa."

"Zile za jana unaweza kuzitumia, ukieleza kasoro yake. Ama unaweza kuanza upya. Chagua wewe. Jina juu ya kazi ni lako."

Nasema kweli, nilitamani kuzitumia. Boksi zima lilikuwa limechapishwa, na si rahisi kumrudia mwalimu mkuu na kumwambia ulikosea. Nilitembea hadi uzio wa shule na kurudi. Kisha nikamrudia Mwalimu Njoroge nikamwomba kalamu yake.

Tulikaa pamoja hadi saa kumi. Swali la tisa likavunjika likawa matatu: mageuko yanasema nini, kwa maneno yako? Ushahidi wake unakutosha au haukutoshi, na kwa nini? Na je, kuna jambo linalokufanya usite kuyakubali? Alinirekebisha hapa na pale, akilalamika kwamba Kiswahili changu kimenyooka mno, watoto watadhani ni insha. Kutoka hapo nilikwenda saiba moja mjini, duka la kompyuta na uchapaji, dada wa pale akanipigia chapa upya na kutoa nakala huku akisoma maswali. "Hii ya mwisho ni ngumu," akasema. "Lakini ni poa."

Mama Nekesa alipoona boksi jipya alipiga makofi kwa mshangao. Nilipomweleza, aliniacha nimalize, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake.

"Hiyo mambo ya kubadilika mbona ni rahisi? Niko na kashamba huko nyuma. Viwavi vilikuja, nikapuliza dawa, vikakufa, vichache vikabaki. Hivyo vichache ndivyo vilizaa. Mwaka uliofuata dawa ni ile ile na vinakula tu, vinaniangalia. Si ni watoto wa wale wagumu?"

"Mama," nikamwambia, "hayo ndiyo mageuko."

"Wacha!" Akakunja kitambaa alichokuwa anashona. "Hayo ni viwavi."

Alhamisi nilirudi shule ya mjini. Mwalimu mkuu alinisikiliza bila kutabasamu, nami nikadhani atanifukuza. Mwishowe alisema kwamba kwa miaka yake yote hajaona mtu wa chuo akirudi kuomba radhi kwa neno moja, akanipa darasa lile lile. Wanafunzi walipoambiwa ni marudio waliguna, kisha wakainamisha vichwa. Safari hii hakuna aliyemaliza mapema. Karatasi zilirudi zimejaa hadi pembezoni. Yule aliyepigia mstari mara tatu, nilimtambua kwa mwandiko wake, aliandika kwamba ushahidi wa mifupa ya kale unamtosha, ila anaogopa babake akisikia. Si wote waliokubali. Wapo waliokataa kwa hoja nzuri kiasi kwamba nilitamani kukaa nao. Lakini sasa nilijua wanakataa nini.

Ijumaa, saa nne, nikawa tena Yamumbi. Mwalimu Njoroge alikuwa amevaa tai. Wanafunzi walijaza, nikakusanya, na zikabaki dakika kama kumi na tano. Akawaambia kazi imekwisha, mwenye swali aulize. Msichana mmoja wa dawati la mbele, aliyeitwa Chebet, alisimama.

"Mwalimu, wewe kila mwaka hutupatia notisi za mageuko tunaandika, unasema mtihani unataka. Sasa leo madam ametuuliza sisi tunakubali ama hatukubali. Wewe unakubali?"

Nilimtazama yule mzee wa kanisa akishika ncha ya tai yake. Wazazi wa nusu ya watoto wale walikuwa waumini wenzake, na kila neno lingefika nyumbani kabla ya chakula cha jioni.

"Nimechelewa kujibu hiyo," akasema hatimaye. "Kila mwaka nimewapatia notisi kwa sababu niliogopa mtauliza. Naikubali, Chebet. Nimesoma ushahidi, nimeona unasimama. Na Jumapili mtaniona mahali pangu pa kila siku, nikiomba na moyo wote. Mimi sioni Mungu akipungua kwa sababu alichukua muda mrefu kufanya kazi yake. Ukiona tofauti na mimi, sawa, lakini njoo na sababu."

"Na pastor akikuuliza?" kijana wa nyuma akasema.

"Pastor ni mkulima. Nitamwanzia kwa mahindi yake."

Walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha watu waliofunguliwa dirisha. Mikono mitano ikainuka kwa mpigo. Lakini Chebet alikuwa bado amesimama, ameshanigeukia mimi.

"Na wewe, madam?"

Nikajibu haraka kwamba mtafiti haruhusiwi kutoa maoni yake. Hiyo ni kweli. Ila ilikuwa pia ahueni, na Chebet aliiona, maana aliketi akitabasamu kidogo kwa huruma.

Mwalimu Njoroge alinisindikiza hadi lango. "Umejibu vizuri kama mtafiti," aliniambia, akinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Lakini kwenu wewe ni mwalimu, si ndiyo?"

Jumamosi asubuhi Mama Nekesa alinifungia wimbi kwenye mfuko na kuniombea kwa Kibukusu, ombi refu ambalo nililielewa neno moja tu, jina langu. Nikapita Timboroa kwa jua safari hii, nikanunua karoti bila kutetemeka. Jumapili jioni nikawa Voi, mume wangu akiuliza kama niligombana na mchungaji yeyote. Nikamwambia nilisahihishwa na mzee wa kanisa, tena Kiswahili, na mimi ndiye wa pwani. Alicheka hadi nyumbani.

Nilichojifunza si kingi, lakini nitakishika. Mtu anaweza kuelewa jambo na asilikubali, na anaweza kulikubali na akaogopa kulisema. Ukimwuliza vibaya, yote hayo yatarudi kwako yamevaa neno moja: hapana. Nimejifunza pia kwamba watoto wetu hawatafuti mwalimu asiye na imani wala asiye na sayansi. Wanamtafuta atakayewajibu.

Jumatatu, kipindi cha tatu, niliingia Kidato cha Nne bila notisi. Nilifunga mlango, nikaegemea meza, nikawaambia kwamba mimi huimba kwaya kanisani na nayakubali mageuko, na kwamba leo wanaweza kuniuliza lolote.

Mikono ikainuka kabla sijamaliza.