Mbwa Katikati Yetu

Nilikuwa na miezi mitano katika ndoa na sikuwa nimewahi kumtazama baba mkwe wangu usoni. Kwetu Bulumbi nilifundishwa hivyo tangu nikiwa msichana, na Iyolwa nilikoolewa desturi haikuwa tofauti sana. Mkamwana hamshiki mkono baba wa mume wake, haketi alipoketi yeye, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Nilimjua mzee kwa kikohozi chake tu, na kwa viatu vyake vya kazi alivyovianika juani kila Jumamosi ingawa alikuwa amekwisha kustaafu.

Alikuwa askari wa misitu. Ule msitu wa hifadhi ulio kando ya barabara ya Busia aliulinda tangu enzi za Waingereza mpaka baada ya Uhuru, na alipostaafu hakujua afanye nini na miguu yake. Kila Alhamisi alikwenda kuutembea. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu, mama mkwe akawa ndiye wa kumsindikiza, mpaka msimu ule wa palizi mgongo wa mama ulipokataa.

"Utakwenda naye wewe," mama mkwe akaniambia jikoni. Mume wangu alikuwa kazini Tororo, kiwandani, na alirudi mwisho wa wiki tu.

"Mama, nitakwendaje naye? Njia ikiwa mbaya nitamwambiaje?"

Akakoroga mboga. "Mbwa atakuwa katikati," akasema. "Wewe mwambie mbwa. Mzee atasikia."

Mbwa huyo alikuwa jike wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Alinipenda kwa sababu mimi ndiye niliyempa ukoko wa ugali wa wimbi. Basi nilitangulia, mbwa akanifuata, na mzee akamfuata mbwa akiwa ameshika kamba ya katani iliyofungwa shingoni mwake. Lugha nayo ilikuwa kazi. Mimi nilikuwa Msamia, yeye Mdhopadhola, na tulichokuwa nacho pamoja kilikuwa Kiswahili: changu cha sokoni Busia, chake cha kambi za misitu.

Siku ya kwanza hatukusema neno mpaka tulipoingia chini ya miti.

"Kuna mzizi hapa," nikamwambia mbwa.

"Asante," mzee akamwambia mbwa.

Alhamisi ya pili aliuliza mwenyewe. "Muulize yeye, nyani iko wapi leo?"

"Mwambie baba, nyani wako kule barabarani, wanangoja wenye magari wawatupie ndizi."

Nilimsikia akicheka nyuma yangu. Baada ya hapo hakunyamaza. Aliweka kiganja kwenye gome na kumweleza mbwa huu ni mti gani, mbao zake zinafaa nini, majani yake mama mwenye mtoto wa homa anayachemshaje. Mbwa alihema na kutazama vipepeo. Mimi nilisikiliza. Polepole nikagundua kwamba nazingoja Alhamisi. Nyumbani kila mtu alikuwa na la kunituma, lakini msituni kulikuwa na mtu aliyetaka kujua nimeona nini.

Mti aliousema zaidi ulikuwa mvule mmoja mkubwa mpakani, upande wa mashamba. Chini yake alikula chakula chake cha mchana miaka yote ya kazi. Ulikuwa mbali, na mgongo wa mama mkwe haukuwa umewafikisha huko kwa muda mrefu. Siku moja mvua ilipokatika akasema tuufuate.

Niliona mwanga kabla sijaona kitu kingine. Mahali palipotakiwa kuwa na kivuli palikuwa na jua. Kisha nikaona kisiki, kipana kama kitanda, na unga wa mbao ukiwa bado wa manjano kwenye nyasi. Wapasuaji mbao walikuwa wamekwisha ondoka.

"Muulize," mzee akasema, "mvule bado iko?"

Nikamtazama mbwa. Kumdanganya mbwa ni jambo jepesi, hata uso huhitaji kuubadilisha. "Mwambie baba, upo," nikasema.

 Nadhani jua lilikuwa limemgusa usoni. Akaachia kamba, akaja mbele mikono ikiwa wazi, akipapasa hewa mahali shina lilipopaswa kuwa, mpaka goti lake likagonga kisiki. Akainama, akakigusa kote kote, taratibu, kisha akaketi juu yake. Mbwa akaenda kulala miguuni pake. Hapakuwa na mbwa katikati yetu tena.

"Mwana," akasema, na alikuwa akisema nami. "Kama umeona kisiki, sema kisiki."

"Nilikuhurumia, baba."

"Najua. Lakini mimi nakwenda kwa macho yako. Nikisikia neno lako nakanyaga."

Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona mbele ya wazazi wangu mwenyewe. Nilisimama pale, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Alikuwa na sura ya mume wangu, yenye mikunjo mingi tu. Alipotaka kuinuka aliyumba, nikampa ncha ya fimbo niliyotembea nayo, naye akaishika upande wa pili. Tulirudi hivyo, mbwa akizunguka huku na huku bila kamba.

Nyumbani hatukubadili lolote. Aliketi upande wake, mimi nikapita nyuma ya nyumba. Lakini msituni tulisema moja kwa moja karibu miaka miwili, na sikumdanganya tena, hata siku niliyokuta nusu ya miche aliyoipanda kando ya kisiki imeungua.

Macho ya mzee yalipozimika kabisa na miguu ikavimba, nilikwenda peke yangu na mbwa, mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Askari mpya, kijana, akanisimamisha.

"Unatafuta kuni?"

"Hapana. Natembea."

"Unatembea tu? Na mbwa?"

"Na mbwa."

Hakuniamini. Akanifuata mpaka barabarani.

Jioni niliketi nje ya ukuta wa chumba cha mzee na kumweleza yote niliyoyaona, pamoja na huyo askari. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Ni askari mzuri," akasema kutoka ndani. "Hata mimi ningekufuata."