Mstari Uliopita Chini ya Makaburi

Tulimgeuza mama njiani. Jeneza lilikuwa mabegani mwa vijana wa ukoo, katekista ametangulia na msalaba, sisi wanawake tunaimba nyuma, tukafika kwenye mti wenye duara la rangi nyekundu, alama ya mpaka wa hifadhi. Hapo walinzi wa msitu wa kijiji wakasimama katikati ya njia, wakasema hatupiti.

Kutoka kwenye mti ule makaburi yetu unayaona. Ng'ambo ya kijito, chini ya mikwaju, niliona alipolala bibi, na pembeni yake shimo la mama lililochimbwa nusu. Wachimbaji walitangulia alfajiri, walinzi wakawakuta na kuwanyang'anya majembe. Udongo ulikuwa umelundikwa pale, mbichi, umeachwa.

Mmoja wa wale walinzi ni mtoto wa dada yangu wa ukoo. Nimembeba mgongoni. Aliniamkia shikamoo, mama mdogo, huku rungu liko mkononi. Sikumwitikia. Kwetu kumnyima mtu marahaba ni kumtoa kwenye ndugu, naye alijua, akatazama chini.

"Mimi nimewekwa tu, mama mdogo," alisema. "Kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa. Mwenyekiti akisema mpite, jeneza nitalibeba mwenyewe."

Mwenyekiti wa kijiji akaitwa. Alikuja amevaa koti, akatupa pole mmoja mmoja, mkono kwa mkono, kisha akasema yeye hana mamlaka ya kufungua msitu. Hilo ni la wilaya. Mjomba wangu, mdogo wake mama, akamkumbusha kwamba siku ile ilikuwa Jumamosi.

"Basi Jumatatu," mwenyekiti akasema.

"Sawa. Jumatatu tutampeleka marehemu ofisini," mjomba akasema, "apange foleni."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akatuonyesha makaburi ya kijiji kule bondeni, karibu na shule, akasema nafasi ipo. Nikamwambia mama yangu hatafuti nafasi, anakwenda kwa mama zake. Akafunga vifungo vya koti. Walinzi nao hawakusogea. Nimezika watu wengi, lakini sijawahi kuona jeneza likirudi kwa njia liliyojia. Siku ile niliona.

Sasa nirudi nyuma, maana jambo hili halikuanzia kwenye msiba.

Baba alikuwa mkata mkonge kwenye mashamba ya Kimamba. Shamba lilipofungwa na kuuzwa kwa mtu binafsi, miaka ile tulipoambiwa kila kitu sasa ni ruksa, alirudi nyumbani na panga lake tu. Mama akasema, twende kwetu. Kwao ni mlimani, na kwetu mlimani mtu ni wa kwa mama yake. Ukoo unapita kwa mama, shamba linapita kwa mama, na mwanamke akifa analazwa walipolala mama zake. Tukapewa shamba la bibi. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, sikurudi tena shule, nikashika jembe.

Kitongoji chetu kilikaa hivi: juu kabisa msitu, katikati nyumba na mashamba, chini makaburi na kijito. Ushike mpangilio huo, kwa sababu yote yaliyotupata yametoka hapo.

Ruksa ile ile ilileta mkaa. Malori yakawa yanasimama barabara ya Mikumi kupakia magunia ya kwenda Dar es Salaam, na watu tusiowajua wakapanda kwetu na mashoka. Msitu ulikuwa wa serikali, tuliambiwa, lakini serikali yenyewe hatukuwahi kuiona kule juu. Walikata huko wakashuka, na asubuhi moja mama alikuta mkwaju umeangushwa juu ya kaburi la dada yake, tanuri linafuka moshi pale pale. Alilizima peke yake, kwa ndoo, akipanda na kushuka kijitoni huku akiwatukana kwa kilugha mpaka sauti ikamkauka.

Kwa hiyo mradi ulipokuja, mama ndiye aliyeufurahia kuliko wote. Watu wake waliletwa na bwana misitu, afisa wa serikali aliyezunguka kwa pikipiki, mtu wa maneno machache. Wakatueleza kwamba sheria sasa inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake na walinzi wake, na kwamba zipo nchi za mbali zinazochafua hewa kwa moshi wa viwanda, nazo zitawalipa wanaoacha miti isimame. Msitu ukiwa mkubwa, malipo nayo yanakuwa makubwa, na kila mkazi atapata, hata mtoto anayenyonya. Wazee wengine waliguna. Kulipwa kwa kutokukata mti, walisema, ni kama kulipwa kwa kutokuiba kuku wa jirani. Mama yeye hakuwaza malipo. Alisikia neno moja tu, walinzi.

Mkutano mkuu wa kijiji ukafanyika kwenye uwanja wa shule. Bwana misitu alichora chini kwa kijiti: huu msitu, hizi nyumba, hiki kijito. Mpaka wa hifadhi akaupitisha upande wa juu wa nyumba zetu. Mama akasimama.

"Na mama zangu mnawaacha nje?" aliuliza. "Wenye mashoka wanafika mpaka makaburini. Shusheni mstari upite chini yao, nao walindwe."

Sisi wa kitongoji tukapiga makofi. Bwana misitu hakupiga. Alimtazama mama, akasema, "Mama, mstari ukishuka huko, nyumba zenu zitakuwa ndani ya hifadhi."

Alisema hivyo. Mimi nilikaa mbele, nilisikia kwa masikio yangu, na ndiyo maana siwezi kumwacha nje ya lawama. Alijua.

Mwenyekiti akamkatiza kwa kicheko. Akasema nyumba haihamishwi na kopo la rangi. Akasema mkishusha mstari msitu unaongezeka, ukiongezeka malipo yanaongezeka, na kitongoji kitabaki kama kilivyo, watu na mashamba yao, hiyo ni ahadi yake. Kisha akamtazama bwana misitu. Mtu aliyesomea kazi ile, aliyejua sheria inasema nini juu ya watu walio ndani ya hifadhi, alifuta mstari wake kwa kiatu akachora mwingine, chini ya makaburi. Hakusema tena neno. Tukanyoosha mikono.

Baada ya hapo mambo yakapanda juu, na yalipopanda hatukuyaona. Sheria ndogo za msitu zilipitishwa kijijini, zikaenda kata, zikaenda wilaya, zikarudi na mihuri. Ndani yake iliandikwa hakuna kuishi, kulima wala kuchimba ndani ya hifadhi. Nani alitusomea? Tulizijua siku askari wa operesheni ya kuondoa watu msituni walipofika na kutuita wavamizi. Amri imetoka juu, walisema. Juu wapi, hawakusema.

Nyumba yangu ilichomwa na askari kijana mwenye adabu. Aliniuliza kwanza kama nimetoa vyombo vyote. Mama alitoa kinu chake akakikalia njiani, mgongo kwa moto, hakugeuka mpaka paa likaanguka.

Tukashuka Mikumi. Nikapanga chumba nyuma ya barabara kuu, nikaanza kuuza vitunguu vya Lumuma kwa abiria wa mabasi, ndiyo kazi yangu hadi leo. Tuliposikia siku ya malipo imefika, tulipanda kwenda kijijini tumevaa nguo za kanisani. Waliita watu kwa vitongoji. Wakaita kimoja, kingine, mpaka cha mwisho, wakafunga meza. Mama akamfuata mwenyekiti, akamuuliza sisi je.

"Kitongoji hicho hakipo, mama," alimjibu, kwa upole kabisa. "Malipo ni ya wakazi."

"Na msitu uliolipiwa, mashamba yetu hayamo?"

"Yamo."

Hakuona haya. Mashamba yetu yalihesabiwa msitu, na sisi tuliotolewa humo tukahesabiwa wapita njia. Kijiji kilijenga ofisi kwa fungu lake, ina bati jipya na kufuli. Sina wivu na bati. Lakini mama alirudi Mikumi siku ile akiwa mtu mwingine. Usiku malori yakipita na kitanda kikitikisika, alikuwa akisema, "Mstari niliuomba mwenyewe." Nilimjibu kila mara kwamba aliomba walinzi, hakuomba kufukuzwa. Hakunikubalia. Alichoniomba kilikuwa kimoja tu, nimrudishe kwa mama zake. Nikamwambia hilo lisikusumbue.

Ndilo hilo nililoshindwa mbele ya mti wenye rangi. Tulimzika Mikumi, kwenye makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua.

Jumatatu nilikwenda wilayani Kilosa. Nikaambiwa msitu ule ni wa kijiji, wilaya inashauri tu. Nikarudi kijijini, mwenyekiti akasema kijiji hakiwezi kwenda kinyume na sheria iliyopitishwa wilayani. Wale wa mradi walishafunga ofisi, mkataba wao umeisha. Alipopita mtu wa wizara kukagua misitu, nilimsubiri juani nikamwamkia na kumweleza. Akasema serikali kuu ilishashusha mamlaka kwa wananchi. Wananchi ni mimi. Basi nilizuiwa na mimi mwenyewe.

Ndivyo walivyopanga. Malipo yalipokuja kila ngazi ilikuwa na mkono, na kosa lilipokuja kila ngazi ikanyoosha kidole kwa mwenzake. Lakini mimi sikufukuzwa na ngazi. Nilifukuzwa na watu wawili waliotazamana, kauli ikapita, na nawataja: mwenyekiti wa kijiji, aliyeahidi, na bwana misitu wa pikipiki, aliyefuta kwa kiatu. Majina siandiki, kijiji kizima kinawajua.

Kaburi la mama silijengei. Ndugu wameshaniletea saruji, nimewaambia waitumie kwingine. Aliyepo pale amepitishwa tu, hajafika kwa mama zake.

Na kila mkutano mkuu wa kijiji unapoitwa, nauza mapema, napanda gari, nakwenda kukaa mbele. Wananiambia si mkazi. Nawajibu mashamba yangu ni wakazi, yanalipiwa. Ikifika nafasi ya maswali nasimama na lile lile, nao wananiambia nikae, nami nitasimama mkutano unaofuata. Mwenyekiti, ulipotuahidi tutabaki, ulikuwa umeuliza kwa nani? Na wewe bwana misitu, ulijua, ukanyamaza kwa nini? Njooni wote wawili kwenye uwanja ule wa shule, mbele ya watu walionyoosha mikono, mjibu. Mkishajibu, mnifungulie njia nimpeleke mama.