Moto wa Kuomba

Jikoni asubuhi ile tulikuwa watano. Baba yangu Lameki, aliyekuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge. Mama yangu Damari. Mwalimu Zakaria wa kanisa letu la Kilutheri, ambaye mke wake Eliza alikuwa binamu wa mama. Mama Atanasia, jirani yetu wa bondeni, Mkatoliki, ndiye aliyemzalisha mama siku niliyozaliwa mimi. Na mimi mwenyewe, nimechuchumaa mlangoni, tayari kukimbia. Dada yangu Rehema hakuwepo. Surua ilikuwa imemchukua mwaka uleule, kabla mvua hazijaisha. Lakini namhesabu, utaona kwa nini.

Yamenirudia yote haya juzi, hapa Makambako kwa mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo. Aliwasha jiko la gesi, mara moja tu, moto wa buluu huo, akaniuliza bila kugeuka, "Bibi, unajuaje kwamba Mungu yupo? Au mliambiwa tu mkakubali?"

Nikacheka. Kwetu hatukukubali tu, mjukuu wangu. Tulibishana mpaka uji ukachelewa.

Kijiji chetu kilikuwa mlimani, nje kidogo ya Njombe. Mwezi wa saba ukitoka nje asubuhi, umande umeganda kwenye majani, mweupe kama chumvi, na miguu haina viatu. Kazi yangu ilikuwa moto. Jioni nafukia makaa kwenye majivu, asubuhi nafukua, napuliza, mama anabandika uji wa ulezi. Kiberiti hatukuwa nacho. Ukizimikiwa, unabeba kigae unakwenda kwa jirani kuomba kaa la moto, na hakuna jirani aliyekunyima.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ningebatizwa. Jioni nilikariri majibu ya mafundisho mpaka nikasinzia, nikasahau kufukia. Kulipokucha, majivu yalikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikakimbia na kigae kwa Mama Atanasia, naye akanisindikiza kurudi ili nisichapwe.

Tulimkuta Mwalimu Zakaria ameshafika. Alikuja kuomba ruhusa ya baba, maana baba alikuwa hajakubali nibatizwe. Tangu tumzike Rehema, jina la Mungu alikuwa halitaji.

"Kamwene, Baba Rehema," Mwalimu alimsalimu kwa lugha yetu. "Kila kitu kina aliyekifanya. Nyumba hii umeijenga wewe. Na dunia je?"

"Sawa. Na huyo Mungu, nani kamfanya?"

Mwalimu alikohoa. Akasema maswali ya namna hiyo hayaulizwi.

"Basi mtoto haendi," baba akasema. "Siwezi kumpeleka kwa mtu asiyejua kujibu."

Nakwambia, machozi yalinitoka. Gauni la kubatiziwa mama alikuwa ameshalishona, kitambaa cheupe, limekunjwa chini ya mto.

Mama alikuwa amepiga magoti anapuliza lile kaa. Akauliza bila kuinua uso, "Mama Atanasia, moto huu umeutoa wapi?"

"Kwa Eliza, mke wa Mwalimu. Wangu ulizimika Jumatano."

"Kumbe wa Kilutheri huu!" baba akasema. "Nilidhani leo tunakula uji wa Kikatoliki."

"Na Eliza aliutoa wapi?" mama akaendelea.

Mwalimu akajikuna kichwa. "Si alikuja kuomba hapahapa kwenu, tulipotoka safari ya Ilembula?"

Baba akapiga paja. "Mmeona? Huyu kaomba kwa yule, yule kaomba kwa huyu. Unazunguka tu. Hauna mwanzo."

"Na sisi tuliutoa wapi, Baba Rehema?" mama akauliza.

 Nyumbani kwetu, matanga yakiisha, majivu ya zamani hutolewa yote na moto hupekechwa upya kwa vijiti, na anayepekecha ni mfiwa. Wote pale tulijua.

"Niliupekecha mimi," baba akasema.

"Kwa nani uliuomba?"

"Sikuomba kwa mtu. Nilipekecha huku nalia."

Mwalimu Zakaria akasema taratibu, "Ndugu yangu, hilo ndilo lililonishinda kukujibu. Kama kila nyumba iliomba, na hakuna hata mmoja aliyepekecha, leo mlima mzima tungelala na baridi. Lazima awepo mmoja ambaye hakuomba kwa mtu."

Baba alisogeza kuni motoni. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayashukuru, maana hayakuwa ya kujifanya.

"Kwamba yupo, nimekubali. Kwa nini alimchukua Rehema, hilo sijaelewa, nitamuuliza mwenyewe. Mtoto aende."

Kesho yake nikabatizwa. Baba hakuingia kanisani. Alisimama nje, kwenye umande, mpaka tukatoka, akanibeba mabegani mpaka nyumbani.

Neema alinisikiliza, kisha akasema, "Lakini Bibi, hivyo vijiti baba yako alivitoa wapi?"

Nikamwambia sasa umeanza kuuliza vizuri, endelea. Nikamshukuru Mungu moyoni kwamba mtoto anauliza.

Siku hizi hakuna anayeomba moto. Neema hata jina la jirani yake wa ukuta kwa ukuta halijui. Sikatai gesi, macho yangu yamepumzika moshi. Ila zamani nilijua chakula changu kimetoka kwenye mikono ya nani na nani.

Kama wewe ni wa ukoo wa Mama Atanasia au wa Mwalimu Zakaria, na nimekosea nani alianza kumwomba nani, nirekebishe, sitakasirika, uzee huu. Lakini kwamba baba yangu ndiye aliyepekecha, hapo usiniguse. Malengelenge ya viganja vyake niliyaosha mimi.