Mwenye Omena Amevuka

Mama yangu aliuza omena Busia, karibu na kizuizi cha forodha, na miaka ya tisini ikielekea kuisha, neno hilo likapata mwenyewe. Omena! Visamaki ambavyo kila nyumba, kuanzia Port Victoria hadi Malaba, inavila kwa ugali. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Ni sawa na mtu kujiandikisha kuwa mwenye neno chumvi.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi za kompyuta Nairobi. Sisi Busia tukiwa bado tunapanga foleni ya simu posta, yeye alisajili anwani ya intaneti kwa neno hilo moja tu, omena, kwa ajili ya biashara ya Mama. Tulimcheka sana. Lakini Wakenya walioko ng'ambo wakaanza kumwandikia wakitaka omena wa nyumbani, naye akawa anapiga simu duka la jirani, Mama anafunga pakiti na kuzipeleka kwenye basi. Kabla ya hapo Mama alikuwa akivusha magunia ya watu kichwani, huku na huku mpakani, tangu Baba afariki. Anwani ile ndiyo iliyomtua mzigo.

Kisha kampuni moja ya kufungasha samaki ikaandikisha neno omena kuwa alama yake ya biashara, ikaitaka na anwani. Ili kuinyang'anya, ilibidi ionyeshe kwamba hakuna mfanyabiashara wa kweli nyuma yake. Kaka yangu alikuwa hajapata habari kampuni ilipotuma watu wawili Busia.

Asiyekaa mpakani hawezi kuelewa kilichotokea. Kwetu, mtu mwenye viatu vinavyong'aa akisimama mbele ya bidhaa na kuuliza ni ya nani, jibu ni moja, na tulilijua kabla ya kujua kusoma: si yangu, mwenyewe amevuka. Ukikubali kwamba ni yako, mzigo unakamatwa na wewe juu yake.

Jioni hiyo nilimkuta Mama akichinja kuku, amefurahi kama bibi harusi.

"Leo nimewaweza watu wa forodha," akaniambia. "Wamekuja wawili, na suti. Wananiuliza, mama, hii biashara ya omena ya kwa kompyuta ni yako? Mimi nikawaambia ai, mimi sijui hiyo kitu. Mimi naangalilia tu watu. Mwenyewe alivuka Uganda."

"Wakasema nini?"

"Si waliandika tu, wakanishukuru. Watu wapole sana. Kula, mwanangu, mbona unaniangalia hivyo?"

Nilikula. Sikujua bado kwamba hawakuwa watu wa forodha.

Kaka alipiga simu baadaye, shauri likiwa limeshaamuliwa. Maneno ya Mama yalikuwa yamewekwa mbele ya waamuzi neno kwa neno, na anwani ilikuwa imekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki, akasema. Maagizo yakakoma. Mama akarudi kwenye magunia, na mimi, kwa mshahara wangu wa mwalimu wa chekechea, sikuweza kumzuia.

Ilinichukua muda kumweleza. Aliponielewa aliinuka. Alijifunga leso, akaniambia nimsindikize posta, nimpigie simu kwa kampuni ile. Msichana wa mapokezi akaitika. Mama akaushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili.

"Dada, mimi ndiye mwenyewe," akasema. "Hiyo omena ni yangu. Sikuvuka. Ni yangu, unasikia?"

Watu kwenye foleni wakageuka. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo juu ya kitu chochote.

Msichana akamwambia asubiri kidogo. Mama akaitikia kwa kichwa, kama vile anaonekana, akasubiri. Nilitumbukiza sarafu moja baada ya nyingine mpaka zikaisha, na simu ikakatika.