Mifugo ya Owori na Chumvi ya Mama Taaka

Siku ile ya kikao cha ukoo walikuwepo baba mdogo Okecho kutoka Iyolwa, aliyekuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu hakuviamini vya kwetu. Shangazi Adikini kutoka Paya, aliyekuja na mkeka na maoni. Mzee wa ukoo, aliyesinzia mpaka harufu ya chakula ilipomwamsha. Mama Taaka, jirani yetu Msamia. Wadogo zangu wawili, Owori na Apio. Na mimi Athieno, mkubwa wao. Walikuwepo pia kaa wa mtoni, ndani ya karai nyuma ya jiko, ila hao hawakualikwa.

Wenzangu mliokulia Nabuyoga mnajua tulivyoishi. Hatukuwa na vitu vya kuchezea, tulikuwa na wadudu. Mvua ikikatika tulikimbilia kumbikumbi, tukawala wengine wangali wanapapatika mdomoni. Panzi tulimfunga uzi mguuni. Konokono tulimshindanisha na mwenzake ukutani, na aliyeshindwa alisusa kula mchana kutwa. Nasema mtoto, si konokono. Ruba akikuganda kijitoni ulimpaka majivu, ukaendelea na safari. Kaa tulimtafuta chini ya mawe, mkono ukiingia polepole kwenye tope la baridi, na aliyebanwa kidole alichekwa kwanza ndipo akapewa pole. Watoto wa siku hizi wakiona mende wanapanda juu ya kiti na kumpigia mama simu.

Mwaka huo tulimzika baba, kisha mama akamfuata kabla wimbi halijavunwa. Nikaacha shule darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikushindwa masomo. Sufuria ilihitaji mtu. Ukoo ukaitisha kikao cha kutugawa. Mpango ulishapangwa njiani kabla hawajafika: Owori aende Iyolwa kuchunga ng'ombe wa baba mdogo, Apio aende Paya kubeba mtoto wa shangazi, na mimi nitafutiwe mume, kwa kuwa nilikuwa nimeshakuwa mrefu. Ndugu zetu wale walikuwa na huruma sana. Kila mmoja alimhurumia mtoto anayefaa kazi yake.

Mimi nilitaka jambo moja tu, tubaki nyumbani watatu. Nilijua kwamba maneno ya msichana hayatasikilizwa, basi nikaamua kusema kwa chakula. Nikachinja jogoo wa mwisho, nikasonga ugali wa wimbi, nikapika kunde kwa karanga za kusaga. Wakila vizuri, nilijiambia, wataona kwamba mji huu una mwenyewe.

Nikafungua kopo la chumvi. Tupu.

"Owori!"

Akaja taratibu, kaptura imeshikwa kwa kamba, macho chini.

"Chumvi iko wapi?"

"Nimewapa mifugo yangu."

Jioni iliyotangulia, alipofika kulala kwetu, baba mdogo alikuwa amesema mbele yake kwamba mtoto wa kiume asiye na mifugo huenda kwa mwenye mifugo. Owori akatafakari, akaenda mtoni, akarudi na karai la kaa. Na kwa kuwa kila mtu kwetu anajua ng'ombe hanenepi bila chumvi, na mwalimu alikuwa amewaambia kwamba kaa wengi huishi baharini ambako maji ni ya chumvi, alilimwaga kopo lote. Mbele ya akili kama hiyo utasema nini? Nilimwinulia mwiko, kisha nikaushusha, maana wageni walikuwa wanasikia.

Nikapenya uani hadi kwa Mama Taaka. Yeye alikuwa akifanya biashara ya samaki wakavu, akivuka mpaka wa Busia kwa baiskeli kupitia njia zisizo na askari, na chumvi haikumkaukia. Akanijazia kikombe cha bati. Nilipoanza kushukuru akanikatiza.

"Wewe Athieno, sikupi. Nakukopesha. Na mtu mmoja hatanilipa. Mtakuja watatu, hapa mlangoni, ndiyo nijue bado mko."

Nikarudi mbio. Waliposhiba, mzee wa ukoo alilamba kidole akasema, "Aliyepika huyu ni mtu mzima." Lakini baba mdogo alikuwa tayari anakunja kiti chake.

"Owori, twende. Ng'ombe wananisubiri."

"Siendi, baba mdogo. Mimi nina mifugo yangu."

"Mifugo? Ilete tuione."

Akalikokota karai hadi katikati ya kikao. Kaa wote walikuwa chali, miguu juu, wamekolea chumvi kuliko samaki wa Mama Taaka. Mama Taaka, aliyekuwa amenifuata kuja kula nasi, akasema, "Mchungaji ni huyu unayemtaka, Okecho? Ng'ombe zako zitafika Krismasi kweli?"

Kicheko kilianzia kwa mzee wa ukoo, kikamwangusha shangazi mkekani. Baba mdogo alimtazama Owori, akalitazama karai, akawafikiria ng'ombe wake. "Basi wabaki kwanza," alisema, "mpaka mavuno." Mavuno yakapita, na mengine, na hakuna aliyekuja kutuulizia. Ndivyo tulivyobaki pamoja. Nililima, nikauza muhogo, nikawasomesha wote wawili.

Sasa Owori ni mtu wa Busia. Anashughulikia karatasi za malori pale mpakani, ana nyumba yenye vigae, na sebuleni, mahali ambapo wenzake wameweka televisheni, ameweka tangi la kioo la maji ya chumvi. Samaki hamna. Nilitafuta samaki nikidhani wamejificha. Mna kaa wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, mna uduvi wenye mistari, mna kiti cha pweza mwenye mikono mitano kama nyota, mna konokono wanaolamba kioo, na mna mnyama mmoja kama ua ambaye kazi yake ni kufumbuka. Maji yanatoka Mombasa kwa madumu, yanaletwa na dereva wa lori rafiki yake. Safari ya kwanza askari wa forodha alimsimamisha.

"Madumu haya yana nini?"

"Maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kaa."

Askari akaonja, akatema, akamruhusu apite kwa kumwonea huruma.

Nilipomtembelea, mimi nilipewa chai ya rangi. Lile ua lilipewa kamba aliyemenywa, likalishwa kwa koleo. Ukuta mzima una waya za pampu na taa, na kila asubuhi bwana mkubwa huyu, aliyewahi kumaliza kopo langu lote kwa mkono, anapima chumvi kwa kichupa cha kioo huku amekunja uso kama daktari.

"Unapata nini hapa, Owori?"

"Dada, inatuliza. Kaa chini uone."

Nikakaa, nimtafutie makosa. Uduvi mmoja akajikunja, akapasuka mgongoni, akatoka ndani ya ngozi yake mzimamzima na kuiacha imesimama kama koti msumarini. Kaa mmoja alikuwa analipima gamba kubwa zaidi, analipapasa ndani, anasita, anazunguka. Kisha akaruka uchi, akaingia, akatulia. Chai yangu ilipoa. Kumbe ndiyo faida yenyewe: mtu mzima anakaa kitako kumwangalia kiumbe asiye na mfupa akihama nyumba, na hakumbuki deni wala lori. Sisi tuliipata bure, tumechuchumaa kijitoni. Hawa wa mjini wanaivuta kwa umeme.

Mwaka jana Apio alirudi likizo kutoka Uarabuni, anakofanya kazi za nyumbani. Mama Taaka hatoki tena kitandani bila kushikwa. Kikombe chake cha chumvi tulikuwa hatujakilipa: tulipokuwa pamoja chumvi haikutosha, na ilipotosha hatukuwa pamoja. Nikampigia Owori. Nikamwambia ni sasa, tuko watatu, chumvi nimeshanunua.

"Dada, wiki hii umeme unakatika ovyo. Pampu ikizima watakufa wote. Nani atawaangalia?"

"Mpe jirani ufunguo."

"Jirani atawaua. Siendi, Dada. Siwezi kuwaacha."

Nilisikia sauti ileile ya kaptura ya kamba. Siku ya kikao lilituokoa neno hilo la siendi, nikampenda kwa kulisema. Safari hii nilikata simu.

Tukaenda wawili, mimi na Apio, na pakiti ya chumvi. Mama Taaka aliinuliwa, akaegemea mlango, akatushika nyuso. Kisha akachungulia nyuma yetu, njiani.

"Yule mchungaji yuko wapi?"

"Yuko Busia, mama. Anachunga kaa wake."

Alicheka mpaka akakohoa, nasi tukacheka. Lakini nilipomnyooshea pakiti, aliusukuma mkono wangu.

"Watatu, nilisema."

Enzi zile hatukuwa na kitu, na ukituita mmoja tunatokea watatu. Siku hizi tuna vigae na pampu, na mmoja anahitaji mtu wa kumwangalizia uduvi kwanza. Apio amesharudi Uarabuni. Juzi Owori alinitumia video ya kaa anayehama gamba, nami nimeitazama mpaka mwisho, mara mbili, bila kumjibu. Sebuleni kwake mna chumvi ya kutosha kijiji kizima. Pakiti ya Mama Taaka iko juu ya rafu yangu, haijafunguliwa, na mvua hizi zimeanza kuigandisha.