Kioo cha Shangazi Kwenye Ngazi

Chumba cha juu, pale nyumbani, hakina tena harufu ya dawa za kusafishia picha. Karibu na dirisha sakafu imebaki na alama tatu za miguu ya kamera. Hakuna anayeweka kiti pale, ingawa hakuna aliyetukataza.

Shangazi alikuwa na kamera kubwa ya mbao, ile ambayo mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kumwona mteja kichwa chini miguu juu kwenye kioo cha nyuma. Kioo chenyewe alikuwa nacho kimoja tu. Kikipasuka, kamera inabaki kabati. Alipopata kazi ya kuwapiga picha wachimba mawe, huko mwisho wa barabara ya mashimo, baba yangu, ambaye ni kaka yake, alipinga. Mjane wa umri ule, alisema, atulie. Alipoona hasikilizwi akageuza maneno: aende, lakini kamera isafiri ndani ya sanduku atakalonunua yeye, la sivyo ibaki.

Baba akanunua kweli, la bati linalong'aa, lenye makomeo manne na sponji nene ya kubana kila upande. Alilipandisha ngazi mwenyewe, akihema kwa fahari.

Shangazi akaligonga kwa kidole. "Kaka, hili linang'aa kama jino la dhahabu. Kila mwizi atalisalimia njiani."

"Afadhali hili kuliko hilo tundu lako la kuku."

Lake lilikuwa kreti la mbao kuukuu. Ndani alikuwa amepanga vipande vya godoro lake mwenyewe, na nyuma ya kioo ameacha uwazi wa vidole viwili. Akaeleza kwamba sponji inayokibana kioo ndiyo hukivunja gari linaporuka shimo. Baba hakutaka somo. Sanduku ni sanduku, alisema, na mwenye nyumba ameshasema.

"Basi tia miwani yako humo," shangazi akamwambia, "tulisukume ngazini."

Baba akaishika miwani usoni. "Kesho nisomee nini?"

"Na mimi nipigie picha nini?"

Akaitia kamera kwenye kreti lake, na kioo chake, akafunga, akalisukuma kwa mguu. Mama alifumba macho. Kreti lilibingirika ngazi zote, bawaba moja ikaruka, likatulia mlangoni. Shangazi akateremka bila haraka, akafungua, akakiinua kioo kwenye mwanga wa mtaani. Hakikuwa na ufa.

"Na kingevunjika?" baba aliuliza, sauti imemshuka.

"Ningekuwa nimekivunja mwenyewe."

Baba akashika upande mmoja wa kreti, wakalibeba mpaka kwenye lori la machimboni.

Sanduku la bati tunawekea mablanketi. Shangazi anaishi kule machimboni, chumba cha pili baada ya lango, na kamera imesimama dirishani kwake.